Hija ya miguu kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo: jinsi ya kupanga safari kwa kufuata majira

Kamati ya hija ikikaa kikao cha kwanza, maswali huwa yale yale. Tutembee mwezi gani? Mvua ikitukuta njiani? Tuondoke saa ngapi? Wazee wataweza? Mwongozo huu ni wako ikiwa unauliza hayo kwa mara ya kwanza, uwe unajiandaa peke yako na jumuiya yako, au ni katibu uliyetupiwa kazi ya kupanga msafara wa parokia nzima.

Njia inayozungumzwa hapa ni Barabara ya Bagamoyo: Tegeta, Boko, Bunju, Daraja la Mto Mpiji, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, mpaka Bagamoyo, pale Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1868. Kutoka Tegeta ni karibu kilomita 45. Ukianzia Mwenge, ongeza karibu 13.

Jambo moja kwanza, maana wageni wengi hulipindua. Wote wanaulizia mvua. Mvua inalowesha, inachelewesha, inaharibu simu, lakini kinachoangusha watu kwenye njia hii ni joto likichanganyika na unyevunyevu wa bahari. Kwa hiyo saa ya kuondoka ina uzito kuliko mwezi wa kuondoka. Ukikosea mwezi ukapatia saa, utafika. Ukipatia mwezi ukakosea saa, utajaza watu kwenye gari la wagonjwa kabla ya Mapinga.

VITU VYA KUWA NAVYO

Kwa kila mtu:

- Chupa au chupa mbili zinazobeba lita 1.5 hadi 2 za maji.
- Paketi mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) kwa kila siku ya kutembea.
- Kofia yenye ukingo mpana. Kapelo inafunika uso tu, inaacha masikio na shingo.
- Kanga au kitambaa chepesi cha pamba cha kulowesha na kuweka shingoni.
- Koti jepesi la mvua. Mwavuli ni mzuri kwa jua la Februari, lakini upepo wa kusi utaupindua, na kwenye kundi kubwa utachoma macho ya jirani.
- Raba ulizokwisha kuzivaa walau wiki tatu, pamoja na sendozi za akiba.
- Soksi jozi tatu.
- Mafuta ya mgando, kopo dogo.
- Tochi na kizibao cha kuakisi mwanga.
- Mwenye ualbino: losheni ya kukinga jua ya kupaka upya kila baada ya saa mbili, mikono mirefu, miwani ya jua, na nafasi ya uhakika kwenye gari la msafara jua likishapanda. Hili lipangwe kikaoni, lisisubiri aombe barabarani.

Kwa msafara:

- Gari moja la maji na gari moja la kubeba waliochoka. Usiyachanganye, kwa sababu gari la maji hutangulia na la waliochoka hufuata nyuma.
- Ndoo za lita 20 zenye mfuniko, moja kwa kila jumuiya, za kutunzia nguo kavu. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na begi la mgongoni halizuii mvua ya masika hata lingekuwa jipya.
- Turubai mbili na kamba.
- Sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kulitumia.
- Namba za dharura zilizoandikwa kwenye karatasi: 112 polisi, 114 Zimamoto na Uokoaji. Weka pia namba ya zahanati au hospitali ya karibu kwa kila kipande cha njia.
- Barua ya parokia kwa polisi, ipelekwe mapema, ikitaja tarehe, saa na idadi ya watu.

HATUA YA 1: CHAGUA MAJIRA

Kalenda ya Kanisa na kalenda ya mawingu hazikukaa kikao kimoja. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, kwa hiyo hija ya Kwaresima huanzia mwisho wa kiangazi na kuishia katikati ya masika. Mwezi wa Mama Maria, Mei, bado ni masika. Mwezi wa Rozari, Oktoba, ndipo vuli inapofungua mlango. Ukitaka kutembea kwa raha unakwenda kipupwe, ukitaka kutembea kwa kalenda unakwenda penye tabu. Zote zinawezekana, mradi ujue unaingia wapi.

Kiangazi (Januari hadi mwanzoni mwa Machi). Upepo ni wa kaskazi. Mchana joto linafika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana chini ya 25, maana yake hata alfajiri mwili hauanzi ukiwa umepoa. Mwanzoni mwa Machi jua la Dar es Salaam linapita karibu wima juu ya kichwa, kivuli chako kinakaa miguuni. Huu ndio wakati mgumu kuliko wote kwa mwili, ingawa mbingu ni safi na picha zinatoka vizuri.

Masika (Machi hadi Mei). Aprili ndiyo yenye mvua nyingi kuliko miezi yote, takriban milimita 250 katika jumla ya mwaka ya milimita 1,100 hivi. Mvua ya masika ukanda huu mara nyingi huja usiku wa manane au alfajiri, yaani saa ile ile unayotaka kuondoka. Vimbunga ni adimu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ila Hidaya iliyofika Mafia Mei 4, 2024 ilionyesha kwamba adimu bado hutokea.

Kipupwe (Juni hadi Agosti). Huu ndio wakati wa kumpeleka mtu anayetembea kwa mara ya kwanza. Mchana nyuzi 29 hivi, usiku 18 au 19, upepo wa kusi unavuma. Kunaweza kudondoka mvua ndogo za mchoo, za dakika kumi na kupita. Kasoro yake ni mbili: jua linachomoza baada ya saa 12:30, kwa hiyo unatembea gizani muda mrefu, na usiku wa Bagamoyo unapiga baridi kwa mtu aliyelala na fulana yenye jasho.

Demani na vuli (Septemba hadi Desemba). Septemba bado ni nzuri. Kati ya Oktoba na Novemba kuna siku za maleleji, kusi imekufa na kaskazi haijaja, hewa imesimama kabisa. Utembeaji wa siku hizo ni kama kutembea ndani ya sufuria iliyofunikwa. Karibu na Oktoba 10 jua linarudi tena wima. Mvua za vuli ni za vipandevipande: Bunju kunanyesha, Kerege vumbi. Usizidharau, maana mafuriko makubwa ya Desemba 2011 jijini yalikuwa ya msimu huu.

Ushauri wetu kwa kundi lenye wazee na watoto: Julai, Agosti au nusu ya kwanza ya Septemba. Kundi la vijana waliokwisha kutembea linaweza Kwaresima, ila wafuate saa za Hatua ya 3 bila kubembelezana.

HATUA YA 2: SOMA UTABIRI KWA MPANGILIO

Usifungue simu asubuhi ya safari ukaona picha ya wingu ukaanza kutetemeka. Fuata hivi:

a) Kabla ya kutangaza tarehe, soma mwelekeo wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Wa Masika hutolewa kabla ya Machi, wa Vuli kabla ya Oktoba. Tafuta maneno "juu ya wastani" au "chini ya wastani". Mwaka wa El Niño, kama mwisho wa 2023, vuli huzidi kiasi. Usipange hija ya Novemba mwaka huo.

b) Siku kumi kabla, soma utabiri wa siku 10. Hapa unaangalia mkondo wa jumla tu.

c) Siku tano kabla, angalia utabiri wa hali mbaya ya hewa. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kanuni rahisi: njano, mnakwenda mkiwa na mpango wa pili mkononi, chungwa, mnaahirisha, nyekundu haijadiliwi.

d) Jioni ya kuamkia safari, soma utabiri wa saa 24.

Makosa matatu ya kusoma utabiri hujirudia kila mwaka. La kwanza ni kusoma mstari usio wako. Dar es Salaam na Bagamoyo ziko kwenye pwani ya kaskazini, pamoja na Tanga, Unguja na Pemba. Pwani ya kusini ni Lindi na Mtwara, ambako msimu wa mvua ni mmoja mrefu. Ukiusoma huo utaahirisha safari bure. La pili ni kutafsiri vibaya asilimia: "mvua asilimia 60" kwenye programu ya simu ni uwezekano wa kunyesha. Haisemi itanyesha kiasi gani wala kwa muda gani. Mwezi Aprili programu inaweka wingu la mvua kila siku, na bado unapata asubuhi kavu tatu mfululizo. La tatu ni kutazama "Dar es Salaam" peke yake. Kituo kikuu cha vipimo kiko uwanja wa ndege, mbali na njia yako. Tazama na Bagamoyo.

Maneno "mvua kubwa" kwenye taarifa za TMA yana kipimo: zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Ukiyaona, Boko Basihaya na mabonde yote ya njiani yatajaa.

HATUA YA 3: PANGA SAA

Kundi la parokia linalosali rozari likitembea, pamoja na mapumziko, linakwenda kilomita 3 hadi 3.5 kwa saa. Wanaosema "tutakwenda tano" wanajipima wenyewe, hawampimi mama wa miaka 60 aliye mwisho wa mstari. Kilomita 45 kwa mwendo huo ni saa 13 hadi 15, kwa hiyo zigawe asubuhi mbili.

- Kiangazi, Kwaresima na Oktoba–Novemba: ondoka saa 10 alfajiri, simama saa 4:30 asubuhi. Hizo ni saa sita na nusu, karibu kilomita 22, zinazokufikisha maeneo ya Kerege.
- Kipupwe: ondoka saa 11 alfajiri, simama saa 5:30 asubuhi.
- Masika: saa 10 ikiwa kukavu. Kukiwa kunanyesha, subirini ndani hadi saa 12:30 kupambazuke. Mvua na giza na malori ya saruji yanayotoka Wazo havitembei pamoja na watu.

Mchana lala, kula, oga. Mkiwa mmebakiwa na kipande, tembeeni tena saa 10 hadi saa 12 jioni, kisha basi. Jua la saa 6 na nusu lisiwakute barabarani hata mkiwa mmebakiza kilomita tatu. Hizo tatu ndizo zinazoua mwendo, kwa sababu kila mtu anaona "tumeshafika" na anaacha kunywa maji.

Kuna wanaofunga. Ijumaa Kuu na Jumatano ya Majivu ni siku za kufunga kwa watu wazima hadi miaka 59, na maji hayavunji mfungo huo. Hata hivyo, usipange kutembea kilomita 22 siku hizo. Ukitaka Njia ya Msalaba ya miguu Ijumaa Kuu, fanya fupi ya kilomita tano au sita asubuhi.

HATUA YA 4: GAWA NJIA VIPANDE

Mtu mmoja na dereva wapite njia yote wiki moja kabla, waandike kwa kila kilomita tano: kivuli kiko wapi, paa liko wapi (kanisa, shule, kituo cha mafuta), maji yanapatikana wapi, bonde liko wapi. Kupita kwa gari bila kusimama hakutoshi. Shukeni pale mnapotaka kupumzisha watu 80 muone kama wanaenea, na kama mwenye eneo amekubali.

Mto Mpiji, mpaka wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, unashuka kutoka vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe. Mvua ikinyesha huko usiku, maji yanafika darajani asubuhi wakati juu yako mbingu ni bluu. Kwa hiyo anayekagua apige simu kwa mtu wa karibu na daraja jioni na alfajiri ya safari. Swali lenyewe ni moja: maji yako wapi?

Tahadhari: kila mwaka kuna anayependekeza kupita ufukweni "tuone bahari". Usikubali kwa kundi. Bamvua (maji makubwa ya siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo) pwani hii hupandisha maji zaidi ya mita tatu, midomo ya mito na mikoko inakata njia, na mchanga mkavu unachosha mara mbili ya lami.

HATUA YA 5: MAJI NA CHUMVI

Hesabu nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa mtu kwa saa wakati wa joto. Kundi la watu 50 kwa saa sita na nusu linahitaji karibu lita 200, yaani madumu 10 ya lita 20. Kipupwe punguza kwa robo. Kunywa mafunda machache kila dakika 15 au 20. Ukisubiri kiu umechelewa.

Maji matupu mengi nayo ni kosa. Mtu anayekunywa zaidi ya lita moja kwa saa, saa baada ya saa, bila chumvi, anaishia na kichwa kuuma, kichefuchefu na kuvimba vidole, na wenzake wanazidi kumpa maji wakidhani ni kiu. Changanya paketi moja ya ORS kwenye lita moja kamili ya maji safi, kamwe si kwenye chupa ya nusu lita, na mtu anywe hiyo baada ya kila saa mbili za jasho. Ikikosekana: lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukizidisha chumvi ni hatari kuliko kukosa. Madafu ni mazuri kwa kituo cha mapumziko, na karanga au ndizi za kuchoma na chumvi zinasaidia. Soda iache hadi ufike.

Kipimo rahisi ni mkojo. Rangi ya njano hafifu, sawa. Rangi ya chai ya rangi, kaa kivulini unywe kabla ya kuendelea.

HATUA YA 6: NJIANI, CHEZA NA JUA NA UPEPO

Tembeeni upande wa kulia, mkitazamana na magari yanayokuja, mstari wa watu wawili wawili. Mnaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma yenu kuliani, na miti ya upande huo wa kulia ndiyo inayowatupia kivuli. Usalama na kivuli viko upande mmoja. Jioni kivuli kinahamia kushoto na watu wataanza kuvuka mmoja mmoja kukifuata. Mwongoza msafara awakatalie.

Jua lenyewe hubadili upande kwa majira. Juni na Julai linakaa kaskazini, linakupiga usoni: ukingo wa mbele wa kofia ndio muhimu. Desemba na Januari linakaa kusini, linakupiga kisogoni: kanga iliyoloweshwa shingoni ndiyo muhimu.

Upepo vilevile. Kusi inatoka nyuma yako, inakusukuma, lakini huisikii usoni na unadhani huna jasho. Angalia mgongo wa aliye mbele yako. Kaskazi inakuja kutoka mbele kuliani, inapoza kidogo lakini inakausha midomo.

Wapo wanaotembea peku kwa nadhiri. Lami ya mchana kwenye jua kali inazidi nyuzi 50. Weka mgongo wa kiganja juu ya lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, vaa sendozi. Alfajiri peku inawezekana, ila vipande vya chupa vituoni havijali nadhiri.

HATUA YA 7: MVUA IKIANZA

Manyunyu: endeleeni. Vaeni makoti, simu ziingie kwenye ndoo ya gari. Mvua ya kweli: ingieni kwenye paa mliloliandika Hatua ya 4, msisimame chini ya miti wala kwenye mtaro.

Maji yakikatiza barabara, simameni. Maji yaendayo kasi yanayofika kifundo cha mguu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yale ya rangi ya udongo hayaonyeshi kama chini kuna lami au shimo. Usishikane mikono kwa mstari mkajaribu. Akiteleza mmoja anavuta watano. Subirini, au pandeni gari mzunguke. Hija haipungui kwa kilomita mbili za gari.

Mvua ikikatika, badili soksi papo hapo. Ngozi iliyolowa ndiyo inayopata malengelenge, na kanga au sketi iliyolowa inachubua mapaja ndani ya saa moja. Futa, paka mafuta ya mgando, vaa kavu.

HATUA YA 8: RADI

Masika na vuli zina radi, hasa mawingu mazito yanapojijenga upande wa bara baada ya saa 8 mchana. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo. Chini ya 30, watu wote waingie ndani ya jengo imara au ndani ya gari. Mtoke dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Minazi na miembe ya Kiromo ni kivuli kizuri wakati wa jua, na ni mahali pabaya kuliko pote wakati wa radi. Jingine linalosahaulika: msalaba wa maandamano wenye mpini wa chuma na milingoti ya bendera za vyama vya kitume. Vilazwe ndani ya gari kwanza, hata kama wimbo haujaisha. Mbeba msalaba huwa anaona aibu kuushusha, kwa hiyo kiongozi amwambie mwenyewe.

HATUA YA 9: KUFIKA

Mkifika Bagamoyo, vijana watakimbilia baharini. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya bamvua hukupwa sana karibu saa 4 hadi 5 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mtu aliyetembea kilomita 45 ana misuli iliyochoka, hafai kuogelea. Aloweshe miguu tu. Taarifa ikitaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, jambo la kawaida kusi ikikolea, hata miguu ibaki nchi kavu.

Kabla ya kulala, badili kila kitu kilichogusa jasho. Kipupwe lala na shuka zito au sweta. Baada ya masika mbu ni wengi: chandarua au dawa ya kupaka, pamoja na mchana, kwa sababu mbu wa dengi huuma mchana.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Misuli ya mguu inakaza. Chumvi imepungua. Kivulini, ORS, nyoosha mguu taratibu, pumzika nusu saa. Ikirudi mara ya pili, gari.

Kizunguzungu, jasho jingi, ngozi ya baridi, kichefuchefu. Mlaze kivulini, inua miguu, legeza nguo, pepea, mpe ORS kwa mafunda madogo. Hata akijisikia vizuri baada ya saa moja, siku hiyo hatembei tena. Hapa ndipo ubishi huwa mkubwa ("nimeweka nia, siwezi kupanda gari"). Mwache abishe akiwa ndani ya gari.

Anaongea ovyo, hajui alipo, mwili unawaka. Mwili umeshindwa kujipoza, na hii ni dharura ya kifo. Mmwagieni maji mwili mzima hapo hapo, hasa shingoni, kwapani na kwenye kinena, mpepeeni bila kuacha, pigeni simu, mpelekeni hospitali mkiendelea kumpoza. Upande wa Bagamoyo ni Hospitali ya Wilaya. Asiyejitambua asinyweshwe chochote. Sala endeleeni nayo, ila mikono isisimame.

Malengelenge. Dogo lisilouma liache, funika na plasta. Kubwa linalozuia mguu: nawa, toboa ukingoni kwa sindano iliyochomwa moto ikapoa, kamua, usibandue ngozi, funga. Mwenye kisukari asitobolewe njiani.

Mmechelewa, ni saa 4:30 na Kerege bado kilomita tano. Simameni mlipo penye kivuli, au magari yawavushe kwa mizunguko, wazee kwanza. Msikimbizane na jua.

Utabiri umebadilika usiku wa kuamkia safari. Uamuzi wa kuahirisha ufanywe na watu watatu waliotajwa mapema, kabla ya saa 3 usiku, na utumwe kwa viongozi wa jumuiya kwa ujumbe mmoja wenye tarehe mpya. Ujumbe wa "tutaangalia asubuhi" huleta nusu ya watu Tegeta saa 10 alfajiri na nusu nyingine kubaki vitandani.

Kundi limekatika vipande viwili kwa mvua. La mbele lisubiri kwenye paa linalofuata katika orodha, la nyuma lisikimbie. Gari la waliochoka hubaki nyuma ya mtu wa mwisho kabisa, na dereva haondoki hapo hata akiitwa mbele na mwenyekiti.

Kurudi Dar kukiwa na mvua kubwa. Panga magari ya kurudi yaondoke Bagamoyo mchana, yafike Bunju kabla ya giza, na mpigie tena yule mtu wa karibu na Daraja la Mpiji kabla ya kuwasha injini.